Tumbo la Gari la Kanada

Kwa miaka miwili mume wangu alinisimulia habari za kutu, na mimi, mwanamke ambaye sijawahi kushika usukani, nikawa mjuzi wa kutu.

Aliondoka Johannesburg mwaka 2016. Sisi wakimbizi wa Bukavu tulikuwa tukiwaona wenzetu wakipelekwa Kanada mmoja mmoja, na tulijua wosia wao: faili ikishapita, usiiguse. Faili ya mume wangu ilifunguliwa akiwa mseja. Tulipofunga ndoa alitaka aende akaniandikishe. Mimi ndiye niliyemkataza. Akina mama wa kanisani walikuwa wameniambia kwamba ukiongeza mtu wanaanza upya, na huenda mkakosa wote wawili. Nikamwambia aende hivyohivyo, akifika aniite. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua anachosema. Akaenda, nami nikabaki na chumba chetu cha mtaa wa Observatory, nikingoja jina langu liingie kwenye faili ile.

Alipiga simu kila Jumapili saa tisa alasiri, nikiwa nimetoka kanisani. Kwake ilikuwa asubuhi. Miezi ya mwanzo nilimwuliza faili imefika wapi, naye akajibu kuwa wanaiangalia. Baadaye swali lenyewe likaanza kutuumiza. Nikiuliza, ananyamaza, akinyamaza, nachukia, na mimi nikichukia simu haina ladha tena. Kisha akanunua gari kuukuu, tukapata la kuzungumza.

"Sheri, huku banamwaga chumvi mu barabara," aliniambia kwa Kiswahili chetu cha Bukavu; sheri ni mpenzi. "Chumvi ya kweli. Malori na malori."

"Ya kupikia?"

"Chumvi tu. Inayeyusha barafu. Lakini iko inakula gari kutoka chini."

Nilidhani ananitania. Mimi mama yangu alinichapa kwa kumwaga kiganja kimoja cha chumvi, na kumbe kuna serikali inayoimwaga kwa lori!

Nyuma ya saluni ya kitongoji cha Randburg nilikokuwa nikisuka nywele palikuwa na gereji ya fundi bodi, Mtanzania wa Tanga. Johannesburg ni kukavu. Gari linaweza kulala uani miaka na miaka lisitoboke. Lakini fundi yule alikulia kando ya bahari, na yeye na kutu walikuwa na ugomvi wa tangu utotoni. Nikawa nampelekea shida za gari la mume wangu kama mtu anayepeleka mtoto kliniki.

"Shemeji, mwambie asipake lami juu ya kutu," alisema akiwa chini ya gari, miguu tu inaonekana. "Atafungia maji ndani, lioze huku yeye anaona limependeza. Aoshe chumvi yote, asugue kwa brashi ya waya, liachwe likauke. Halafu apulizie oili. Sisi Tanga tulikuwa tukishapaka oili tunalipitisha kwenye barabara ya vumbi. Vumbi linagandana na oili, basi, gari limevaa koti!"

Nilirekodi maneno yake nikayatuma, na Jumapili nikapata majibu. Mume wangu alikuwa amelala juu ya kadibodi chini ya gari. Alikuwa amezibua vile vitundu vya chini ya milango ambamo maji hutokea. Alikuwa ameacha kulilaza kwenye gereji yenye joto ya jirani, kwa kuwa theluji iliyonata ikiyeyuka ndipo chumvi inapopata kazi. Nikawa najua hali ya paipu zake za breki kuliko hali ya kifua chake, nacho kilikuwa kikikohoa simu nzima. Sikujali vya kutosha, na hilo najilaumu.

Nilikuwa mpweke, nisizunguke mbuyu. Desemba wenyeji hufunga virago kwenda makwao, na Randburg hubaki na sisi tusio na pa kwenda. Saluni ilikuwa na joto la kukausha koo, wenzangu wakitaniana kwa Kizulu, mimi nikicheka nikiwa nimechelewa, kicheko cha peke yangu. Jumatatu nilianza kukusanya maneno ya kumwambia Jumapili. Mara nyingi nilifika Jumapili sina neno ila lile la fundi.

Novemba 2018, baridi ilipokuwa inaanza kule, fundi alisema anataka kulinganisha. Mwaka uliotangulia mume wangu alikuwa ametutumia picha ya tumbo la gari. Sasa atume nyingine, tuone dawa imefanya kazi kiasi gani. Mume wangu alichukua wiki tatu. Mara simu mbovu, mara mvua. Mwishowe ikaja.

Fundi alifuta mikono, akaitazama muda mrefu, akaomba ile ya zamani.

"Eish," akasema. "Shemeji, hili si lile."

"Si lile vipi?"

"La mwaka jana linavutwa na magurudumu ya mbele. Hili lina propela shafti, linasukumwa na ya nyuma. Gari utalibadilisha rangi, utalibadilisha milango. Tumbo je?" Kisha akaniona uso. "Labda kanunua jingine," akasema harakaharaka, akarudi chini ya gari lake.

Akili yangu ilikwenda moja kwa moja inakokwenda akili ya mke yeyote. Gari la mwanamke. Siku ile nilimsuka mteja vibaya mpaka nikalazimika kufumua mistari minne.

Jumapili hata salamu sikumpa.

"Ile picha ni ya gari ya nani?"

"Ya jirani."

"Yako iko wapi?"

"Ilikufa mu mwezi wa tatu. Ilioza chini, balikuya kuichukua kama chuma chakavu."

Miezi minane! Na Septemba alikuwa amenieleza alivyopulizia oili, alivyotafuta barabara ya vumbi nje ya mji, vumbi lilivyoshika vizuri. Nilikuwa nimemsimulia fundi, fundi akafurahi.

"Ulilala chini ya gari gani, wewe?" nilipiga kelele.

"Hata moja."

Kisha akasema yote kwa pamoja, kama mtu anayetua mzigo. "Mu mwezi wa nne barua ya faili yako ilikuya. Balikataa. Niliandika sina bibi, sasa banasema sina ruhusa ya kuita bibi mwenye sikumutaja. Nilitaka kukuambia. Lakini Jumapili ile ulianza na kuuliza gari, ulikuwa na furaha. Nikasema, acha nimuambie ya gari."

Alisema "niliandika". Nilingoja aseme nani aliyemwambia aandike hivyo. Nilingoja kweli, nimekaa ukingoni mwa kitanda, simu nimeibana sikioni. Hakusema. Nikasema mwenyewe, "Ni mimi nilikuambia," nikalia kwa sauti hadi mpangaji wa chumba cha pili akagonga ukuta.

"Najua," akasema. "Nyamaza, sheri."

Nilitaka kumwambia kwamba yuko huru, aoe mtu wa huko, nisimfunge. Ni maneno mazuri, na nilikuwa nayo tayari. Nikafungua kinywa nikamwuliza amekula nini.

"Mkate."

"Mkate na nini?"

"Mkate tu."

Nikamwambia mkate mtupu si chakula cha mtu anayekohoa. Akasema kwani mimi nilikula nini, nikasema na mimi sijala, akanikaripia, nikamkaripia. Tuligombana hivyo nusu saa nzima. Mkate ule ulikuwepo kweli, nilimsikia akiutafuna.