Kilemba cha Fremu ya Kona

Wapangaji wote wa Atuganile walikuwa na mkataba wa maandishi, isipokuwa mmoja.

Walimsema sana. Eti hata jogoo wa jirani akilala kwenye uzio wake ataamka na kupewa karatasi asaini. Yeye hakujali. Alikuja Tunduma kutoka Isansa na beseni la maharage kichwani, akawa anavuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, asubuhi na kurudi jioni, miaka nenda miaka rudi, akibishana bei kwa Kiswahili, kwa Kinyiha na kwa Kibemba cha kuokota, mpaka Wazambia wakawa wanamwita ba mayo, yaani mama, kwa heshima na kumkwepa kwa sababu ya bei zake.

Kiwanja alikinunua wakati watu wanakiita shimo. Kabla hajatoa hela alipita kwa majirani wa pande zote kuuliza mpaka unaishia wapi. Akaondoka, akarudi mvua zilipokolea, kuona maji yanapita wapi. Mwisho akataka kumwona mke wa muuzaji, amsikie kwa masikio yake akikubali.

Muuzaji alinuna. "Mama, unanunua kiwanja au umekuja kuposa?"

"Nanunua kiwanja. Nuna kwanza, halafu mwite mkeo."

Hapo akajenga fremu tatu za maduka mbele, na nyuma vyumba vyake vya kuishi. Kila fremu aliipa mita yake ya umeme, maana alishaona watu wakinyimana salamu kwa ajili ya friji ya mmoja wao. Ufunguo hakutoa mpaka kodi ilipwe. Kwa ahadi za mwisho wa mwezi alikuwa na jibu moja: "Basi na ufunguo njoo uchukue mwisho wa mwezi." Anayeanza kupangisha leo angeweza kukaa kibarazani kwake wiki moja akaondoka amesoma vya kutosha.

Asiyekuwa na mkataba alikuwa Elina, na hakuwa nao kwa sababu alikuwa Elina. Walianza biashara pamoja, turubai moja, mwavuli mmoja. Mmoja akienda kujisaidia, mwingine anauza vya wote wawili. Fremu ya kona ilipobaki bila mlango na Atuganile ameishiwa kabisa, Elina ndiye aliyetoa mlango wa chuma. "Tutakatana kwenye kodi, shoga," alisema, na walikatana. Mlango ulishalipwa zamani, lakini kodi ya Elina ilibaki pale pale, nusu ya wanayolipa wengine, na fremu yenyewe ndiyo bora kuliko zote: inatazama barabara ya mpakani upande mmoja na njia ya sokoni upande mwingine.

Kila Krismasi Elina alileta kitenge kipya kutoka dukani kwake. Hakukubali kukitoa tu mkononi. Alimfunga Atuganile kilemba mwenyewe, akamshika mabega na kumgeuza mbele ya wateja. "Mwangalieni mama mwenye nyumba. Huyu akipita, malori yanasimama."

Atuganile, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumpandishia bei kwa maneno matamu, alikuwa anasikia raha mpaka shingoni.

Sasa, wenye maduka wana kilemba kingine. Mpangaji akiwa anahama, yule anayeingia humpa fungu la pesa la kumtoa: kwa ajili ya rafu alizopigilia, wateja aliowazoeza, jina la mahali. Ndicho kinachoitwa kilemba. Mahali pakiwa pazuri, huzidi kodi ya mwaka mzima. Mwenye nyumba asipokuwa macho hakioni, anashtukia tu sura imebadilika dukani. Ndiyo maana mikataba ya Atuganile ilikuwa na mstari unaokataza mtu kumwingiza mwenzake bila yeye kujua. Mikataba miwili. Wa tatu haukuwapo.

Mwaka huo goti lake la kulia lilikataa kazi. Lilianza kwa kuuma kwenye baridi, likaishia kuvimba kila akitoka Nakonde. Daktari alimwambia aache kubeba mizigo. Akapiga hesabu zake. Kodi za fremu zilikuwa na mwenyewe, ada ya mwanae Clever chuoni Mbeya. Chakula chake kilitoka kwenye kuvuka. Kama havuki, basi lazima auze akiwa amekaa, na pa kukaa palikuwa mahali pamoja tu: kona.

Alimwambia Elina mapema, kabla hata ya Pasaka, ili apate muda wa kutafuta kwingine. "Kodi yako ikiisha Desemba, pale nitaingia mwenyewe. Goti hili limeshanistaafisha."

Elina alimshika mikono. "Shoga, kwani pale pa nani? Hata kesho. Nitakusaidia kupanga bidhaa."

Msimu wa kuchuma kahawa ulipofika, Atuganile akaenda Isansa kumsaidia mama yake. Aliporudi, hajashusha hata begi, akakuta fundi anapaka fremu ya kona rangi ya kijani. Vitenge vya Elina havikuwapo. Chini kulikuwa na mifuko ya dawa za mifugo na majembe ya kukokotwa na ng'ombe, na katikati amesimama mwanamume mrefu mwenye kofia pana.

"Shikamoo mama," alisema. "Karibu. Hatujafungua bado, ila kama una haraka nitakuhudumia."

"Marahaba. Nani kakuweka hapa?"

"Mama Elina. Mimi naitwa Maduhu, natoka Ndalambo. Nimeuza ng'ombe nikampa kilemba chake. Kodi nitalipana na mwenye nyumba. Ameniambia mwenye nyumba ni bibi mmoja mpole sana, ni kama dada yake."

Fundi aliacha kupaka. Alikuwa anamfahamu Atuganile.

"Huyo bibi mpole," Atuganile alisema, "ndiye mimi."

Elina hakuwa amekwenda mbali. Alikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye fremu mpya yenye kioo mbele, anatundika vitenge. Alipomwona Atuganile anavuka akichechemea, alitoa kiti nje.

"Pole na safari, shoga. Mama hajambo?"

"Umeuza fremu yangu."

"Fremu?" Elina alicheka kidogo. "Fremu si ile pale? Imekimbia? Nimeuza kilemba. Rafu zangu, wateja wangu, mlango wangu."

"Mlango tulishakatana."

"Tulikatana wapi? Nionyeshe tulipoandika."

Atuganile alikaa kwenye kile kiti. Si kwa kupenda, goti lilimlazimisha. "Nilikwambia nataka kuingia pale mwenyewe. Ukanishika mikono."

"Na ungeingia, nikatoka mikono mitupu. Ile kona nani aliizoesha watu? Nimekaa mle mpaka Wazambia wanaiita kwa Elina." Alinyoosha kitenge kilichokuwa kimejikunja. "Wewe ungekuwa mimi ungeacha? Wewe, Atu? Nijibu kweli."

Hilo ndilo lililomuuma, kwa sababu kweli asingeacha. Kwa mtu mwingine asingeacha. Lakini kwa Elina angeacha, na alikuwa ameacha nusu ya kodi mwaka baada ya mwaka. Alipofikiria hivyo akajiona alikuwa peke yake kwenye biashara ambayo alidhani wako wawili.

"Kumbe siku zote ulikuwa unanivika kilemba cha ukoka," alisema. "Cha kweli ulikuwa unakitunza ukiuze."

Walikwenda na Maduhu kwa mwenyekiti wa mtaa, mzee Yesaya. Ayoub, fundi simu wa fremu ya katikati, aliitwa aseme anachojua. Aliangalia viatu vyake.

"Mimi niliona mizigo inatoka, mama. Nikajua mmeelewana. Si ni ndugu nyie?"

Alikuwa amejua, kama mtaa wote. Na Atuganile aliona kilichomfunga mdomo: Ayoub naye alikuwa na kilemba chake anachokiota, na kumchoma Elina kungekuwa kujichoma mwenyewe.

Mzee Yesaya alikuna kidevu. "Mama Clever, fremu ni yako, hakuna anayebisha. Lakini kilemba ndivyo mji unavyokula, na makubaliano yenu hayana karatasi. Ukitaka baraza la ardhi, nenda. Kijana huyu hatoki kabla halijaamua, na duka litapigwa kufuli mpaka hapo."

"Mimi siwezi kutoka, mama," Maduhu alisema taratibu. "Ng'ombe wameshakwenda. Ukinitoa, nitoe ndani ya jeneza."

Atuganile alimtazama. Kwa siku nzima alikuwa akimchukia mtu huyu, na sasa akaona ni chuki iliyopotea njia. Duka lenye kufuli la kesi linakula mwaka, pengine miwili, bila kutoa kitu, na Clever hasomi kwa kesi. Akafanya alichokuwa akikifanya tangu enzi za beseni: akauliza kinachoweza kuokolewa.

"Utalipa kodi ya mtaa, siyo ile ya Elina."

"Nitalipa."

"Kuanzia mwezi huu. Na tutaandika."

Walikutana kesho yake kibarazani kwa Atuganile. Shahidi wake alikuwa mzee Yesaya. Atuganile alipomwuliza Maduhu shahidi wake nani, yule mtu alitaabika.

"Mjini hapa namfahamu mtu mmoja tu, mama."

Elina alikuja amevaa vizuri. Alipewa karatasi, akaisoma kwa sauti kama alivyozoea kusoma kanisani, mpaka akafika kwenye mstari wa kilemba: mpangaji hatapokea wala kutoa, na akitaka kuhama fremu inarudi mikononi mwa mwenyewe. Hapo sauti ikapungua.

"Umekuwa mtu wa karatasi kweli, shoga."

"Kwa wapangaji, nilikuwa hivyo siku zote."

"Na mimi nilikuwa nani?"

"Wewe ndiye uliyekosa karatasi. Saini hapo chini ya jina la Maduhu."

Elina akasaini. Hakuna aliyemkaribisha chai. Alipofika kwenye geti aligeuka kama mtu aliyesahau kitu, akakuta Atuganile anamhesabia Maduhu funguo za kufuli jipya.

Kodi mpya ilikuwa nzuri. Ayoub alipokuja kuulizia kama na yake itapanda, aliambiwa asome mkataba wake. Lakini kodi ni ya mara moja kwa mwaka, tayari ilikuwa ya chuo, na tumbo linadai kila siku. Asubuhi ya Jumatatu Atuganile alifungua sanduku, akatoa vile vitenge vya Krismasi. Vilikuwa vizuri, vizito, visivyochuja rangi. Elina hakuwahi kumletea kitambaa kibaya.

Akachukua kimoja, akakichana kati kwa meno na mikono. Nusu akalizungushia goti, akakaza, akajaribu uzito. Nusu ya pili akaikunja kuwa kata ya kichwani, akaweka beseni juu yake.

Alipopita mbele ya duka lenye kioo, Elina alikuwa anafagia. "Umeamkaje, Atu?"

"Salama," alijibu, na akaendelea kuelekea mpakani, mguu mmoja ukitangulia na mwingine ukifuata kwa shida.