Mitungi ya Mama Mkwe

Nilimchukia mama mkwe wangu kwa moyo wote. Nasema sasa kwa sababu wengi waliokuwepo wamekufa, na waliobaki wanasimulia upande wake.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya arobaini, wakati mashine zilipokuwa zikifyeka misitu ya Nachingwea ili karanga zilimwe. Mume wangu alipata kazi ya kung'oa visiki. Mimi ni mtu wa Likunja, upande wa Ruangwa, na kwetu mwanamume ndiye anayehamia kwa mke. Lakini kazi ilikuwa Nachingwea, basi akanijengea nyumba Chiola, hatua thelathini kutoka mlangoni kwa mama yake, eti nisikae peke yangu. Mama yangu mzazi alipokuwa ananifungia mizigo aliniambia, "Unakwenda kukaa uani kwa mtu, mwanangu." Nilimwona mtu wa zamani asiyejua mambo ya kazi.

Mama mkwe alikuwa mfinyanzi, na mkono wake ulikuwa mzuri, hilo simnyimi. Mitungi yake ilipoza maji kuliko ya mtu yeyote, na wanawake waliifuata kutoka hata Kiegei. Yeye alikuwa Mmakua, mimi Mmwera. Tukigombana, tuligombana kwa Kiswahili, lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeinyonya, na nadhani ndiyo maana maneno yetu hayakuwa na kona, yalikwenda moja kwa moja.

Nilikuwa na watoto wawili. Wa kwanza msichana, anakaribia miaka mitano, mdomo haufungi tangu alfajiri. Wa pili mvulana wa mwaka mmoja na nusu hivi, bado ananyonya. Wa tatu alikuwa tumboni, na huyo nilikuwa sijamtaja kwa mtu. Mume wangu alikuja kila mwisho wa mwezi na lori la kazini, akalala siku mbili, akaondoka. Nilijua mwanamke mwenye mtoto wa ziwa hatakiwi kubeba mimba nyingine. Nilijua pia kwamba watu wangenilaumu mimi peke yangu, kana kwamba lori lilikuja tupu.

Joto la mwaka ule sijaliona tena. Mvua zilikuwa bado mbali na visima vimekauka, tukawa tunafukua mchanga wa mtoni na kukaa hapo tukisubiri maji yajikusanye, upawa kwa upawa. Mvulana mgongoni ananiunguza, kiungulia kifuani kinaniunguza, na msichana mbele yangu anauliza kwa nini maji yamejificha. Siku moja nilirudi na ndoo moja, nusu mchanga, nikaiweka chini ninyooshe mgongo. Nilipogeuka msichana alikuwa ameshamwogesha mdoli wake wa gunzi kwa maji yote. Mvulana alikuwa ameketi kwenye matope akiyala. Sikumpiga mtu. Nilikaa palepale kwenye matope nikalia, kisha nikachukua ndoo nikarudi mtoni.

Mama mkwe wakati huo alikuwa na haraka. Joto likizidi kila mtu anataka mtungi, na wanawake walikuwa wanamjia kila siku kuulizia. Akachoma kabla ya wakati. Niliiona mitungi siku anaipanga kwenye shimo la kuchomea: matakoni bado ilikuwa na weusi wa unyevu. Nikapita zangu. Haikuwa kazi yangu kumfundisha mfinyanzi ufinyanzi. Asubuhi ya kuchoma nilikwenda pale kuomba kaa la moto tu, mtoto mgongoni, nikakuta wanawake watano sita wamekaa wanasubiri. Nikiwa nimeinama na kigae changu, mtungi wa kwanza ukapasuka ndani ya moto. Ukafuata wa pili, kisha ikawa haihesabiki.

Mama mkwe hakulitazama shimo. Alinitazama mimi tumboni.

"Una miezi mingapi?" akaniuliza.

Wafinyanzi wana mwiko wao: mwenye mimba hasogelei mitungi ikiwa motoni, maana mimba huipasua. Kila mtu pale aliujua. Mimi mwenyewe niliujua, ila miezi mitatu haikuwa imeonekana, nikadhani hata mitungi haitaiona. Mkono wangu ukaenda tumboni wenyewe, na hilo likawa jibu. Akazunguka nyuma yangu, akamwangalia mvulana aliyelala.

"Na huyu bado ananyonya," akawaambia wale wanawake, si mimi. "Amembemenda mtoto wa mwanangu."

Aliyezaliwa huku hahitaji kuambiwa uzito wa neno hilo. Kumbemenda mtoto ni kumharibu kwa kubeba mimba angali ziwani. Maziwa yanageuka sumu, mtoto anakonda miguu na kuharisha mpaka anaisha. Na mwanangu alikuwa na miguu myembamba. Alikuwa anaharisha tangu tulipoanza kunywa maji ya mchangani. Hapo ndipo aliponipata yule mama, kwa sababu hofu hiyo nilikuwa nayo mwenyewe, kila nilipomwosha.

Alifungua kaniki yangu ya mbeleko kwa mikono yake, mbele za watu, akamchukua mtoto. Akasema mtoto atakaa kwake mpaka nijifungue, na nisimshike, maana joto la mimba yangu litammaliza. Mitungi mibichi ilikuwa imempasukia kwa haraka zake mwenyewe, na mimi ndiye niliyerudi nyumbani mgongo mtupu.

Hatua thelathini si mbali. Nilisikia kila kilio. Maziwa yalijaa yakawa mawe, nikayakamulia mchangani nyuma ya nyumba nikiuma kanga. Msichana wangu alikuwa anakwenda na kurudi akiniletea habari nisizoziomba.

"Bibi kampa ndizi."

"Haya."

"Bibi anamwita 'mume wangu'."

Mabibi wote huwatania wajukuu wa kiume hivyo, ni utani wa kawaida, lakini siku ile ningekuwa na uwezo ningemng'oa ulimi. Mume wangu alipokuja na lori nilimweleza yote, tangu weusi wa matakoni mwa mitungi. Alikula ugali wake akamaliza, akanawa, akasema, "Mama anajua haya mambo kuliko sisi." Akarudi kwenye visiki vyake.

Baada ya wiki mbili mtoto aliacha kulia. Hilo liliniuma kuliko kilio. Na akanenepa. Sitaficha, kwa sababu nikificha hili mtasema na mengine nimeficha. Bibi yake alimpikia uji wa mtama wenye karanga za kutwanga, akamchemshia maji, kuhara kukakoma, miguu ikajaa. Kila aliyepita alimsifu bibi, na kila sifa ya bibi ilikuwa tusi kwangu. Nilikuwa naketi mlangoni na mimba yangu na joto langu, natazama mwanangu anavyopona mikononi mwa mtu niliyemtakia mabaya, na sikumshukuru hata siku moja. Nilikuwa nawaza mitungi tu.

Maana alikuwa anaumba mingine. Safari hii hakuwa na haraka. Aliikausha kivulini karibu mwezi mzima, akiigeuza kila asubuhi, na mimi nikawa naihesabu kwa mbali. Kumi na miwili. Nilikuwa nimetimiza miezi mitano, tumbo limetoka halifichiki. Niliamua nitamfuata palepale motoni niipasue yote, mmoja baada ya mwingine, bila kuinua hata kijiti. Kama mimba yangu ina nguvu hiyo, basi ataiona.

Siku ya kuchoma alimtuma msichana wangu kuja kuniambia. "Bibi kasema usitoke nje." Niliogea maji yote yaliyokuwamo ndani, nikajipaka mafuta ya ufuta, nikafunga kanga chini ya tumbo badala ya juu yake ili lionekane lote. Kisha nikamshika msichana mkono tukatoka.

Wanawake walikuwa wengi kuliko mara ya kwanza. Moto ulikuwa umeshapanda. Nilipita katikati yao nikasimama karibu na shimo, karibu kiasi kwamba nyusi zilinuka kuungua. Mvulana wangu alikuwa kwenye mkeka na kipande cha ndizi. Alinitazama, akairudia ndizi yake.

"Mkamwana, rudi ndani," mama mkwe akasema. Hakupaza sauti. Alikuwa na gogo mkononi na hakuweza kuuacha moto.

"Nimekuja kumwangalia mwanangu, mama."

"Utamwangalia kesho."

"Leo ndiyo nimepata nafasi."

Nikabaki. Jasho lilinishuka mpaka kwenye nyayo. Kimoyomoyo nilikuwa nasema, pasuka, pasuka, nikauita mtungi mmoja mmoja. Nilimtaka apige magoti kwenye vigae mbele ya wateja wake. Mtoto tumboni alikuwa anacheza, nikaona naye anasaidia.

Moto ulipoanza kushuka ndipo akili iliponirudia. Ikipasuka, nani atakuwa ameshinda? Wote watasema, kweli, mwanamke huyu tumbo lake linaharibu. Mvulana sitampata tena, na huyu wa tumboni atazaliwa ameshaitwa sumu. Miezi miwili niliwaza kisasi, na sikuwaza hata mara moja kwamba kisasi chenyewe kingekuwa ushahidi wake dhidi yangu. Sikuweza kuondoka tena, kuondoka kungekuwa kukiri. Basi nikaigeuza dua yangu palepale. Nikaanza kumwomba Mungu ailinde mitungi ya mama mkwe wangu, na nikaomba kwa hasira ileile.

Mama mkwe aliutoa wa kwanza kwa mti, akaulaza kwenye majani, akaupaka maji ya magome ya kuukaza. Akaugonga kwa kifundo cha kidole. Ukalia vizuri, dalili kwamba ni mzima. Wa pili ukalia. Kufikia wa saba wanawake walikuwa wameacha kutazama mitungi wananitazama mimi, na kufikia wa kumi na mbili hakuna aliyekuwa anatazama kitu kingine.

Mama mmoja wa Kiegei, aliyekuwa amekuja kuchukua wake, ndiye aliyesema. "Huyu kasimama hapa tangu asubuhi na tumbo lake lote. Sasa ile ya mara ya kwanza ilipasuka kwa nini?"

"Ilichomwa mibichi," nikasema.

Kumwambia mfinyanzi hivyo mbele ya wateja wake ni kumvua nguo. Nilijua, na niliona raha. Mtu mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Mama mkwe aliweka mti wake chini. Kisha akainama, akauinua ule mtungi mkubwa kuliko yote kwa matambara, bado una moto, akaupandisha mpaka kifuani akinitazama machoni, akaachia mikono.

"Haya," akasema. "Umeshaupasua."

Vigae vikatawanyika miguuni mwetu. Macho yake yalikwenda mkekani kwa mvulana, na nikaelewa kwamba hakuwa anatetea mitungi. Alikuwa anamtaka mwanangu. Angeivunja yote kumi na miwili kama ingempatia mtoto. Nadhani mtu mwema angemwonea huruma hapo. Mimi nilipita juu ya vigae, nikamwinua mvulana kutoka mkekani, nikamfunga mgongoni.

Nyuma yangu nikamsikia mama wa Kiegei anasema, "Mimi wangu nipe mzima." Na sauti ya mama mkwe ikanifuata mpaka mlangoni kwangu: "Mchukue. Hatakula kwako."

Hakula. Siku hiyo alilia mpaka akapoteza sauti, akinyoosha mkono kwenye ile njia ya hatua thelathini. Nilimpa ziwa, akalisukuma. Nilimpikia uji uleule wa mtama na karanga za kutwanga, akafunga mdomo ukamwagika shingoni. Siku ya pili hakulia tena, alilala tu na midomo imekauka, na kila nikimtia maji kwa kidole yalitoka pembeni. Msichana wangu akaniambia, "Mama, tumpeleke kwa bibi akale." Nikamwambia akacheze nje.

Mama mkwe hakuja. Aliketi mlangoni kwake, mimi mlangoni kwangu, mtoto mapajani mwangu, tukatazamana kutwa mbili. Alikuwa anasubiri nisimame. Mara moja aliinuka, akaingia ndani, akatoka na bakuli, akaliweka chini mbele yake ili nilione. Nilimgeuza mtoto akatazama ukutani.

Siku ya tatu, jua likielekea kuzama, alifungua mdomo akameza kijiko kimoja, kisha cha pili. Mvua zilipoanza kukolea nilijifungua msichana mzima mwenye sauti kubwa. Watoto wote watatu walikua, na kwa watu niliwaeleza kwamba nilimpigania mwanangu nikashinda.

Mvulana mwenyewe sasa ana wajukuu. Anapenda kusikia habari za mitungi, hucheka hasa anapofika yule mama wa Kiegei. Zile siku tatu sijawahi kumsimulia. Angeniuliza kama asingekula hata siku ya nne ningefanya nini, na mimi jibu ninalo, nimekuwa nalo miaka yote hii. Nisingempeleka kwa bibi yake.