Mpishi wa Mji Uliozama

Msomaji wangu wa kwanza alikuwa mama yangu, na alisoma kurasa nne. Alizisoma akiwa amesimama mlangoni, jembe begani, maana alikuwa njiani kwenda shamba. Mimi nilikaa kwenye kigoda nikijifanya nachambua maharage huku macho yangu yote yako usoni mwake. Nilitaka nimwone akifika pale kwenye mnara wa mawe yanayowaka yenyewe. Akafika. Akaupita kama mtu anayepita duka lililofungwa.

"Hawa watu wako," akasema, "mji wao uko mteremkoni?"

"Ndiyo, mama. Mteremko wa bonde. Kabla maji hayajaja."

"Sasa ngoro zao ziko wapi?"

Kwetu Umatengoni, ngoro ni yale mashimo tunayochimba mlimani, safu kwa safu kama sega la nyuki, ili mvua isibebe udongo. Mtoto huzijua ngoro kabla hajajua kuhesabu. Mimi katika mji wangu niliweka malkia, walinzi mia, barabara ya shaba na ndege wa kupeleka barua. Mteremko niliuacha mtupu.

"Mvua mbili tu," mama akasema, "udongo wote uko bondeni na nyumba zinaufuata. Huhitaji laana hapo. Huo mji umezama kwa uvivu."

Akaniwekea daftari langu, lile kaunta buku nene, mapajani akaenda zake shamba. Nilinuna, kisha nikacheka, kisha nikaziongeza ngoro pembeni mwa ukurasa wa pili, kwa kalamu nyekundu, kwa sababu ya bluu ilikuwa imekwisha.

Nieleze kidogo. Kidato cha nne nilimaliza, na matokeo yalikuja, na nyumbani hayakuzungumzwa sana. Msimu wa kahawa huwa nafanya kibarua cha kugeuza kahawa kwenye vichanja, zile meza ndefu za miti na wavu. Ni kazi nzuri kwa mtu mwenye ndoto nyingi, kwa sababu mikono inafanya kazi na kichwa kinabaki huru. Kichwa changu kilikuwa chini ya Ziwa Nyasa. Nilipokuwa na miaka kumi tulikwenda Lituhi kumtembelea shangazi, nikaliona ziwa kwa mara ya kwanza, nikajiuliza: maji yote haya, yamekaa juu ya nani? Nikabaki na swali hilo mpaka nikaliandika. Misimu miwili, kaunta buku zima. Mji wa kale, watu wenye elimu ambayo sisi hatunayo, kiburi kikawaingia, maji yakapanda, basi. Hakuna aliyebaki. Mwisho ule niliuandika nikilia, na mama akadhani nina malaria.

Msomaji wa pili alikuwa dada wa steshenari pale Mbinga mjini, anayechapa barua na mitihani. Yeye alilimaliza lote kwa siku mbili. Maoni yake yalikuwa mawili. La kwanza, malkia anahitaji mwanaume, "na asiwe mlinzi, walinzi nawajua mimi." La pili, mwisho usiguswe hata nukta. "Nimelia mpaka mteja kaniuliza kama nimefiwa," akasema. Halafu akaniambia neno lililonifanya nitembee kurudi nyumbani bila kuhisi miguu: atanichapia bure kwenye kompyuta. "Ila niletee Jumatatu ile shule zikifungua. Baada ya hapo mitihani ya kuchapa inaanza kuja, sitakuwa na nafasi hata ya kumeza mate."

Mtu mwenye akili angelifungia kaunta buku lake kabatini mpaka Jumatatu hiyo. Mimi nilimpa shangazi. Alikuwa amekuja kwenye kipaimara cha binamu yangu, akalishika, akalipindua, akasema, "Mwanangu, umeandika kitabu? Lete tukasome na wenzangu." Nilichanganyikiwa na furaha. Nilimpa nakala pekee iliyopo duniani, ikaondoka kwenye kikapu, katikati ya maparachichi.

Shangazi yangu aliolewa ziwani, akahamia Anglikana, na huko ni msomaji wa kanisani. Hili ni la muhimu kulijua, kwa sababu ndivyo alivyokisoma kitabu changu. Wanawake wa pale huanika usipa, wale dagaa wetu wa Nyasa, na kutwa lazima mtu akae kuwalinda na kunguru na bata. Basi wakiwa wamekaa, shangazi anasimama, anajiweka sawa kanga, anatangaza: "Somo letu la leo linatoka sura ya tano." Na wenzake wananyamaza kabisa. Mmoja, aliniambia, hufumba macho.

Jioni alipanda kwenye mwamba nyuma ya kanisa kutafuta mtandao, akanitumia maoni yao kwa ujumbe wa sauti waliourekodi mchana. Kesho yake nilikuwa nayasikiliza kwenye vichanja, simu kwenye mfuko wa aproni.

Ujumbe wa kwanza ulikuwa kicheko kitupu. Kicheko cha watu wengi, bata wakilia nyuma, halafu sauti ya shangazi ikihema: "Mwanangu... umeandika... wanavua usipa... kwa ndoano!" Kikaanza tena. Mwanamke mwingine akaidaka simu: "Wewe mtu wa mlimani! Huyo samaki ni kama sindano! Hiyo ndoano mmetengeneza kwa unywele?" Na wa tatu akapiga kelele kwa mbali: "Tena mwezi mpevu! Wanavua usipa kwenye mwezi mpevu, taa zao zitamvuta samaki gani?"

Nikafuta ndoano kichwani. Nikaweka nyavu na taa, nikauzima mwezi.

Ujumbe ulizidi kuja. Malkia anaringa. Kijana shujaa anapigana kutwa kucha, je, hana mama wa kumwita akale? Ndege wa barua wapunguzwe. Lakini kila ujumbe ulimalizika na swali lile lile: "Na mpishi je? Mbona leo hajatokea?"

Mpishi gani? Ilinibidi nikumbuke. Kulikuwa na mpishi wa malkia, mwanamke mmoja anayeunguza mboga na kuimba huku akikwangua sufuria. Nilimpa mistari mitatu, labda minne. Kusema kweli nilimweka kwa kazi moja: maji yakija, sahani na sufuria lazima zilie, na nilihitaji mtu wa kuangusha mfuniko. Walinzi wangu mia, barabara yangu ya shaba, hakuna aliyeviulizia. Lituhi nzima ilikuwa inamtaka mwanamke wa mfuniko.

Halafu, Alhamisi kabla ya ile Jumatatu, shangazi akapiga simu yenyewe, si ujumbe. Alikuwa ananong'ona.

"Mwanangu, kitabu chako kimefungiwa."

"Kimefungiwa na nani?"

"Na mama mkwe wangu. Kakitia sandukuni, kafunga kufuli, ufunguo kaufunga kwenye pindo la kanga."

Kumbe shangazi alichungulia kurasa za mwisho kabla ya wenzake, na uso ukambadilika. Bibi yule, ambaye haoni vizuri kusoma lakini uso wa mtu anausoma barabara, akambana mpaka akasema: mpishi anakufa. Bibi akanyoosha mkono, akakichukua kitabu, akaingia ndani. Kesi ikaishia hapo.

"Si umwombe, shangazi?"

"Nimwombe! Mama mkwe wangu? Nianzie wapi?" Akanong'ona zaidi. "Wewe kwake ni mjukuu. Wewe unaweza kumtania, hata kumtukana kidogo. Njoo."

Jumamosi nikatoka Mbinga mpaka Kitai, nikasubiri pale barabarani huku malori ya makaa ya mawe yakinipaka poda, nikapata gari la Lituhi. Njia nzima nilipanga hotuba. Kwamba msanii ana uhuru wake. Kwamba mji uliopotea lazima upotee, ndiyo maana ya kupotea.

Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka kando ya vichanja vyake, fimbo mkononi kwa ajili ya kunguru. Wanawake wengine watano walikuwepo, wote wakijifanya hawanitazami.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, muuaji."

Wakaangua kicheko. Hotuba yangu ikaruka na kunguru.

"Bibi, nimekuja kuchukua mali yangu."

"Kaa kwanza ule. Muuaji naye ana tumbo."

Nikaletewa ugali na usipa wa kukaanga. Nilikula, maana nilikuwa na njaa, na ni vigumu kudai haki yako na mafuta mdomoni. Nilipomaliza nikajaribu utani, kama nilivyoagizwa. Nikamwambia bibi kwamba kama hanipi kitabu nitamwandika yeye humo ndani, atakuwa bata wa malkia.

"Niandike," akasema. "Bata anaelea."

Hapo nilishindwa kwa haki. Nikaacha utani, nikamwambia ukweli: kwamba Jumatatu kuna dada anachapa bure, kwamba nakala ni moja, kwamba tangu nimalize shule hilo ndilo jambo pekee nililolifikisha mwisho. Wanawake wakaacha kucheka. Shangazi akaanza kupanga upya usipa waliokuwa wamepangika vizuri.

Bibi akamtisha kunguru mmoja, kisha akasema, "Sijakataa mji uzame. Maji yakitaka kitu yanachukua. Mimi mume wangu alikwenda ziwani asubuhi na mapema, akasema anarudi kula. Nikapika. Nikafunika. Siku ya tatu ndipo wakaja wazee kuniambia nifunue." Alisema hivyo kama anavyosema mtu habari za bei ya sukari. "Kwa hiyo nakwambia umekosea. Siyo kwamba umenikera, umekosea. Kama walivyokwambia wenzangu kuhusu ndoano. Anayebaki ni mpishi. Siku zote."

Nilitazama vidole vyangu, vilikuwa na mafuta.

"Lakini bibi," nikasema mwishowe, "yupo jikoni. Maji yanakuja ghafla. Atatokaje?"

"Kwani kutwa yuko jikoni? Umesema malkia analisha walinzi mia."

"Ndiyo."

"Kuni anatoa wapi?"

"Wana yale mawe yanayowaka."

"Mawe ya taa. Mkamwana wangu huyu, shangazi yako, alisoma, nilisikia: yanatoa mwanga baridi. Maharage ya watu mia hayaivi kwa mwanga baridi." Akawageukia wenzake. "Au yanaiva?"

"Hayaivi!" wakajibu kwa pamoja, kama kanisani.

"Basi yuko mlimani anatafuta kuni. Andika."

Misimu miwili nilikuwa na mji huo kichwani, nilijua idadi ya ngazi za mnara, na sikuwahi kujiuliza kuni. Nikamwona mpishi wangu kwa mara ya kwanza, yuko juu ya mteremko, mzigo kichwani, anageuka kwa sababu kelele za mji zimekatika. Nikaomba karatasi. Shangazi akanichania nyuma ya daftari lake la kwaya.

Kuandika ukiwa umezungukwa na wanawake sita si kuandika, ni kesi. Mmoja alitaka mzigo ufungwe kwa magome, siyo kamba. Mwingine alisema asipige kelele, mtu akiona jambo kama hilo hapigi kelele, anakaa chini. Wa tatu aliuliza kama ningeweza kumwokoa kijana shujaa pia, "maana kijana mwenyewe mzuri," akazomewa. Bibi alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, anasikiliza kalamu.

Nilipomaliza, shangazi akasimama, akajiweka sawa kanga, akaisoma karatasi ile polepole. Mji ukazama. Malkia akazama, na walinzi, na ndege. Mpishi akakaa chini juu ya mzigo wake wa kuni akiyatazama maji, na mboga zake, kwa mara ya kwanza, hakuna wa kuzilalamikia.

Bibi akafungua pindo la kanga, akamtupia shangazi ufunguo. Kaunta buku langu likatoka sandukuni likinuka usipa na dawa ya nondo, nikalikumbatia bila aibu. Nikamwandikia dada wa steshenari ujumbe, nikapanda mpaka kwenye mwamba kuutuma: "Nakuja kesho kutwa na kitabu. Mpishi amepona!" Akajibu palepale: "Mpishi yupi?"

Niliporudi, bibi alikuwa bado pale pale mkekani.

"Mjukuu wangu, nimefurahi," akasema. "Sasa, huyo mama leo analala wapi?"

"Nani, bibi?"

"Mpishi. Jua linazama, ana kuni, hana sufuria, hana mtu. Analala wapi?"

"Bibi, kitabu kimeisha hapo."

"Kimeisha! Mmesikia? Mtoto wa watu kakaa juu ya kuni peke yake, yeye anasema kimeisha. Hujui anapolala?"

"Sijui."

"Basi jua."

Jumatatu asubuhi gari la Kitai lilipiga honi barabarani. Shangazi akatoka mbio na kikapu changu, akanikuta mkekani, kalamu mkononi, nimefika ukurasa wa tatu wa daftari la kwaya.

"Gari linaondoka! Inuka!"

Bibi akampungia dereva fimbo yake ya kunguru, taratibu, kwamba apite.

"Mwache," akamwambia shangazi. "Mpishi bado hajapata wa kumkaribisha."