Askari Aliyesema Maneno Yake Mwenyewe

Mchezo wa Pasaka niliuandika ndani ya basi, nikitoka kazini Arlington, huku Marekani, ninakowatunza wazee, na niliupenda hadi nikawa nausoma kwa sauti jikoni. Ulimhusu askari wa Kirumi aliyewawinda Wakristo wa kwanza, akamuua mmoja wao, kisha njaa ikamfikisha mlangoni kwa mjane wa marehemu yule.

Nani awe askari? Kanisani kwetu Landover kulikuwa na Mkongomani mmoja mrefu, mpakiaji mizigo ghalani. Kwa miaka mitatu alihudhuria ibada bila kukubali kubatizwa. Nilimwendea.

"Mama, mutafute mwingine," alisema. "Miye nilikuwaka askari wa kweli."

Niliona haya, nikamwomba radhi. Lakini Jumamosi akaja mazoezini mwenyewe, akachukua karatasi ya askari. Maneno aliyasema kama mtu anayesoma tangazo ukutani, nami nikajikaza nisikate tamaa.

Siku yenyewe watu walijaa hadi wengine wakasimama. Mjane aliigizwa na muuguzi mmoja kutoka Mbeya. Alipouliza, "Mbona ulimuua mume wangu?" jibu nililoandika lilikuwa "Nilitumwa", basi. Mkongomani wetu akavua kofia yake ya bati, akaigeuzageuza mikononi. Nilidhani amesahau, nikamnong'oneza kutoka nyuma ya pazia.

"Nilitumwa," akasema hatimaye, "lakini ningeweza kukataa. Sikukataa. Mara mingi sikukataa."

Hayo hayakuwa maneno yangu! Muuguzi naye alitambua kwamba mtu yule haigizi tena. Akaiacha hotuba ndefu niliyomwandikia, akamshika mkono.

"Kaka, keti ule."

Askari akaketi, akaula mkate wote uliokuwa mezani huku machozi yakimtiririka. Kanisa zima likasimama. Vigelegele vilipigwa hadi nikatoka nyuma ya pazia nikiruka, nimesahau kabisa kwamba mchezo haujaisha.

Baadaye alinifuata kwenye maegesho, bado amevaa joho jekundu.

"Mama, pasta anaweza kunibatiza lini?"

"Hata leo!" nilipiga kelele, watu wakageuka.

Akabatizwa Jumapili iliyofuata. Ya vita alimweleza mchungaji faraghani, mimi sikuuliza. Alipoibuka majini alikohoa, kisha akacheka kwa sauti kubwa, akamkumbatia mchungaji kwa nguvu hadi wote wawili wakateleza wakazama tena.