Mtambo wangu wa jua wa kutoa chumvi kwenye maji, na mchana tuliokaa kusubiri dada yangu alewe

Wakuu wa klabu, salaam.

Karatasi hizi nimezitunga kwenye uzi mmoja na kuzitundika hapa ubaoni, ili anayetaka kunijibu aunge yake nyuma. Ninayosimulia yalitokea likizo iliyopita nyumbani kwetu Buganguzi. Humu wamo watu wa Muleba walioyasikia, kwa hiyo hata nikitaka kudanganya siwezi.

Nina dada mmoja, Koku. Mumewe ni msaidizi wa Bwana Mifugo, na serikali imempeleka katikati ya Tanganyika, ambako mvua ni habari ya kusimuliwa na maji ya kisima yana chumvi. Alipoondoka, Koku alikuwa mjamzito. Sasa mtoto ameanza kukaa, baba yake hajamwona, na aliagiza waje.

Koku hakuogopa safari. Aliogopa maji.

Shemeji mwenyewe alishatuambia kwamba watoto wachanga wa pale huharisha mpaka wanakauka. Jirani yake alikuwa amezika.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo.

Mimi, kama mjuavyo, nilisoma physics chuoni kule Kampala, na tangu hapo sijaitumia ila kuwatungia watoto wa watu mitihani. Nikamwambia dada, "Jua linaweza kutoa chumvi kwenye maji. Nitakutengenezea mtambo."

Theory yake ni nyepesi. Unaweka maji ya chumvi kwenye chombo kipana, cheusi ndani, unakifunika kwa kioo kilichoinama. Jua linayapasha moto, mvuke unapanda, unakutana na kioo, unakuwa matone. Matone yanateleza mpaka kwenye mfereji na kuingia chupani. Chumvi inabaki chini. Hakuna kuni, hakuna moto.

Meli ya Mwanza ilikuwa iondoke Ijumaa.

Koku akasema mbele ya mama, "Mtambo ukifanya kazi, naenda. Usipofanya kazi, kaka, shemeji yako utamweleza wewe, kwa hicho Kiingereza chako."

Vioo nilivipata Bukoba mjini, dukani kwa Bwana Karsan.

"Dirisha la wapi, mwalimu?"

"Si dirisha. Ni la maji."

Akanitazama, akavifunga kwa gunia mara mbili. "Haya. Maji nayo yachungulie nje."

Nilikwama kwenye chombo. Karai lilikuwa dogo, na bati la ziada hatukuwa nalo. Lakini nyuma ya nyumba ulikuwepo mtumbwi wa baba wa kutengenezea lubisi. Kwa wageni wa Bukoba: ni gogo kubwa lililochongwa ndani, refu kuliko mimi. Ndimo ndizi mbivu zinakanyagwa kwa majani mpaka zitoe maji yake, ndimo mtama unatiwa, ndimo pombe inachacha. Ulikuwa mpana, hauvuji, na umekuwa mweusi wenyewe kwa umri.

Nikasema Mungu anawapenda wasomi. Nikausugua kwa mchanga, nikapanga vioo juu, nikaziba pembeni kwa udongo wa kichuguu, nikatega mfereji wa mwanzi na chupa.

Tatizo dogo: Buganguzi hatuna maji ya chumvi. Ikabidi ninunue chumvi dukani, nikoroge.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. "Mwanangu, unaitia ili uitoe?"

"Ndiyo, Ma."

"Na hilo nalo mlifundishwa darasani?"

Siku mbili za mwanzo mvua ilinyesha. Nilikuwa nikitazama juu, nikimtazama Koku akimfunga mtoto mgongoni, nikitazama juu tena. Jua la kwetu ni kama mgeni wa heshima: ukimsubiri haji.

Jumatano likatoka. Vioo vikaloa ndani. Tone la kwanza lilipoteleza, mimi mtu mzima mwenye mvi nikapiga kelele kama nimefunga goli. Nikaonja. Chumvi hamna hata chembe!

Lakini lilinuka lubisi.

Gogo lile limekunywa lubisi tangu sijazaliwa, na sasa chini ya kioo cha moto lilikuwa linatoa yote yaliyomo moyoni. Chupa ikajaa maji meupe kabisa yenye harufu ya harusi.

Sasa fikirini, wakuu. Mtumbwi wa pombe. Mvuke. Mfereji. Matone kwenye chupa. Na mnajua sheria ya serikali juu ya enkonyagi, ile pombe kali ya kukinga mvuke: watu wamefungwa kwa chungu na mrija tu. Wangu ulikuwa mtambo wa vioo kutoka mjini, unamemeta mpaka barabarani.

Mukungu wetu, Ta Kamugisha, mkubwa wa kijiji, alifika kabla ya chakula cha mchana na matarishi wawili.

"Mwalimu. Kumbe na wewe."

"Karibu, waitu. Haya ni maji."

Akanusa chupa, akampa tarishi mmoja. Tarishi akafumba macho kama anayesali.

"Maji haya," tarishi akauliza, "ni ya ndizi gani?"

"Ni ya mtoni! Nimetia chumvi, jua likaitoa."

Mukungu akatikisa kichwa. "Umetia chumvi, umetoa chumvi, na kilichobaki kinanuka lubisi. Mwalimu, nimesikia walevi wakijitetea vizuri kuliko hivyo."

Akaamuru mtumbwi na vioo vibebwe viwe ushahidi kwa Bwana Shauri wilayani. Mimi jela niliiona kwa mbali. Vioo niliviona kwa karibu, mikononi mwa tarishi, na meli ni keshokutwa.

Koku akatoka ndani. Akamfungua mtoto mgongoni, akampa mama. Akachukua ile chupa, akainywa yote bila kupumua, akaketi kwenye mkeka.

"Waitu, kaa. Kama ni enkonyagi, nimekunywa chupa nzima na sijala tangu asubuhi. Ngoja nilewe, utufunge wote."

Mukungu akaletewa kigoda. Tukasubiri.

Wao walikuwa na shaka tu. Mimi nilikuwa na elimu, na hiyo ni mbaya zaidi. Nilijua kwamba kileo hupanda mvuke kabla ya maji. Kama kulikuwa na chochote kilichobaki kwenye gogo, kilikuwa kimeingia kwenye chupa ile ile ya kwanza, na sasa kimo tumboni mwa dada yangu anayenyonyesha. Nikapiga hesabu kichwani. Kila nilipoirudia ilitoa jibu jingine.

Koku akapiga mwayo.

"Ehee!" tarishi akasema.

"Mtoto haniachi nilale," Koku akajibu. Macho yake yalikuwa mazito kweli. Nikaanza hesabu upya.

Mama akaingia jikoni, akarudi na mkungu wa ndizi mbichi na kisu, akavitupa mbele ya Koku.

"Menya."

Mwanamke wa kwetu humenya ndizi bila kuzitazama. Akiwa amelewa, damu inafika kwenye sufuria kabla ya chumvi. Hakuna mahakama inayozidi hiyo.

Koku akamenya. Huku akimuuliza mukungu habari za mguu wa mkewe, na kama mibuni ya shamba la chini imezaa. Maganda yalidondoka membamba kama karatasi. Alipomaliza, Ta Kamugisha akaokota ndizi moja, akaizungusha akitafuta alama ya kijani.

"Hajalewa," akasema, kama mtu aliyenyimwa kitu.

Wakabaki wakala ndizi hizo hizo. Lakini alipoaga alisema mtumbwi ule usionekane tena chini ya kioo. Nikapasua madebe ya mafuta ya taa, nikayaunga, nikayapaka lami. Kuyajaribu hatukupata nafasi, maana mvua ilirudi.

Gatini Bukoba nilimwambia Koku bado anaweza kubaki.

"Chumvi ilitoka," akasema. "Nimeyanywa mimi, si wewe." Akapanda amekumbatia vioo, na mtoto nimembeba mimi mpaka kwenye ngazi.

Wiki iliyopita amekuja mtu kutoka kule aliko shemeji, yuko likizo. Kioo kimoja kilivunjika kwenye treni. Kilichobaki kinafanya kazi, na jua la kule halina mchezo, lakini kinatoa chupa moja kwa siku. Hiyo ni ya mtoto, naye ni mzima, anatambaa. Koku anakunywa ya kisimani. Yule bwana alipoulizwa hali ya Koku alisema tu, "Amekonda."

Somo nililopata ni hili: kabla ya kuleta jambo jipya kijijini, uliza chombo chako kinajulikana kwa kazi gani.

Lakini sikuandika kwa ajili ya somo. Yule bwana anarudi na meli ijayo na amekubali kubeba vioo. Mwenye ujuzi wa kusafirisha kioo kwa meli, treni na lori kisipasuke, aniambie: nikate vipande vidogo, au nivifungie kwenye majani makavu ya mgomba? Na aliyewahi kuunga mabati makubwa yasivuje, naomba naye aseme.

Utani wa mtumbwi nimeshausikia, uwekeni chini kabisa ya karatasi. Juu andikeni habari ya vioo.