Bugaluu la Marehemu Baba

Jumanne nilimpelekea fundi wangu wa cherehani wa mtaa wa Rusimbi, mama mtu mzima, bugaluu la marehemu baba, suruali ya enzi zile miguu ilipofagia barabara. Binti yangu alikuwa anaolewa Jumamosi, nami nilitaka nimsindikize nimevaa kitu cha babu yake. Tatizo, nimetembea miji mingi na kila mji umeniongezea tumbo. Kifungo na tundu lake vilitazamana kama Bangwe na Kongo, ziwa zima katikati.

"Shikamoo, mama. Itawezekana?"

"Marahaba." Akanipima kiuno, akapima tena, akaegemea cherehani kwa kicheko. "Baba yako alivaa upana chini, wewe umeuweka juu! Siku hizi suruali zinabana miguuni. Nikipunguza huku chini, kitambaa kitakachobaki nakihamishia kiunoni."

"Kitatosha?"

"Kwa tumbo hili? Tuombe Mungu."

Kilitosha. Jumamosi nilimshika binti mkono, miguu imebana kama ya kijana wa bodaboda, kiuno kinapumua. Mashangazi wakasifu fasheni mpya.

Baba alinivisha mpaka nilipopata kazi. Kumbe na tumbo la uzeeni alikuwa amelitengea kitambaa, kule chini miguuni.