Kadi za Watu Wawili

Juzi, kwenye mazishi ya baba huko Busia ya Kenya, kijana mmoja alinionyesha kadi za mchezo zilizolika pembe. Nilizijua.

Alasiri moja ya utoto wangu, kwetu Dabani, upande wetu wa mpaka, baba alifungua boksi la kadi la wanaoanza kucheza, likanuka wino na plastiki. Ndani mlikuwa na pakiti mbili, za wachezaji wawili. Akanipa moja, nyingine akaitia mfukoni.

"Navuka kidogo, mwanangu. Na hii nakwenda kujifunzia. Nikirudi, tunacheza."

Kwetu mpakani, kuvuka kidogo ni kwenda kununua sukari. Nikazipanga zangu mkekani, nikamngoja. Miezi ilivyopita nikadhani baba ni mzito wa kujifunza.

"Baba alinifundisha kucheza kwa hizi," akasema yule kijana pale mazishini, mwana wa baba wa ng'ambo.

Zangu mpaka leo zinanuka plastiki.